Kisanduku Kitupu cha Ocotillo Bend

Nyumbani kwa Bw. Harlan Brandvold,
Njia ya Kware,
Ocotillo Bend,
Arizona.

27 Februari 2018

Mpendwa Bibi Leota,

Shikamoo, Bibi. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, kwamba goti lako limetulia tangu daktari alipolichoma sindano, na kwamba mvua za Oregon zimekuachia walau asubuhi moja kavu ya kwenda maktaba. Nakuomba pia unijulishe hali ya Biskuti. Mara ya mwisho uliandika kwamba amekataa chakula cha kopo na sasa anakula kuku uliyemchemsha wewe mwenyewe tu, jambo ambalo, ukiniruhusu kusema, linaonyesha kwamba paka huyo ameshajua mwenye nyumba ni nani.

Mimi sijambo. Babu Harlan naye, kwa kumtazama, hajambo: anakula, analala mchana, anabishana na televisheni. Nasema "kwa kumtazama" kwa makusudi, na sababu yake utaiona mbele.

Utaniwia radhi kwa kuchagua kalamu badala ya simu. Babu ana simu ya pili kando ya kitanda chake, na zaidi ya mara moja, nikizungumza na mama, nimesikia pumzi ya mtu wa tatu ndani ya waya. Nilipomuuliza, alisema ni upepo wa jangwani. Upepo haukohoi, Bibi. Kwa hiyo nimeona ni busara suala letu nilishughulikie kwa maandishi, na bahasha niipeleke posta mwenyewe.

Katika barua yako ya Krismasi ulinitaka nichunguze jambo moja na kukujibu bila kukuficha: je, kaka yako yuko salama mahali hapa, au uje umchukue akaishi kwako kabla ya joto la kiangazi? Ulisema hutafanya uamuzi mpaka upate neno langu. Nililipokea jukumu hilo kwa uzito wake. Nimehitimu juzi tu shahada ya usimamizi wa huduma za afya, na sikutaka kazi yangu ya kwanza, hata kama ni ya kifamilia, ifanyike kwa kukisia.

Naamini ni habari ya Bwana Orville Tibbets iliyokutia hofu. Nimeithibitisha, na kwa bahati mbaya ni ya kweli. Jumapili moja ya vuli, wazee walikuwa uwanjani nyuma ya ukumbi wa klabu, wakicheza mchezo wao wa kurusha viatu vya chuma vya farasi kwenye nguzo. Orville akaanguka katikati ya sentensi. Mashine ya kushtua moyo uliosimama ilikuwa ukutani ndani ya ukumbi, inaonekana wazi kupitia mlango wa kioo. Mlango ulikuwa umefungwa. Ufunguo alikuwa nao Bi Arvella Stroud, mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi, naye alikuwa kanisani. Walimpigia simu, wakasimama mbele ya kioo, wakamngoja. Alipofika, mashine haikuwa tena na la kufanya.

Babu alikuwepo. Hilo nililisikia kwa Mzee Duane Fesler, jirani yetu wa upande wa kulia, dereva mstaafu wa mabasi ya shule na mwenzake Babu wa karata. Babu mwenyewe hajalitamka jina la Orville mbele yangu hata mara moja.

Niliwasili mwanzoni mwa Januari. Kama ujuavyo, huu ni mtaa wa wastaafu, na huku haruhusiwi kuishi mtu aliye chini ya miaka hamsini na mitano, na mgeni kijana hukaa kwa hisani ya Kamati. Nimepewa ruhusa hadi mwisho wa Machi. Tangu siku ya kwanza nilihisi kwamba natazamwa. Nikitoka kutupa takataka, mapazia ya mtaa mzima yanatikisika.

Jioni ile ile ya kwanza nilikwenda ukumbini kuikagua mashine. Ukumbi ulikuwa umekwisha kufungwa, nami nikachungulia kupitia kioo. Kisanduku kilikuwepo ukutani, karibu na picha ya mabingwa wa bingo, mchezo wao wa namba. Mlango wake mdogo ulikuwa umefungwa vizuri. Ndani hapakuwa na kitu.

Kesho yake asubuhi nilirudi, mashine ikawa mahali pake, nyekundu, imetulia kama sanduku la chakula cha mwanafunzi. Nilidhani macho yangu yalinidanganya. Jioni nikapita tena kwa kisingizio cha matembezi. Kisanduku kitupu. Hapo ndipo nilipoanza kushuku, Bibi, na nakiri kwamba nilipoanza sikujua pa kuishia.

Jambo la kwanza lililonitatiza ni king'ora. Kisanduku cha namna ile hutengenezwa ili kipige kelele kinapofunguliwa, watu wote wajue. Asubuhi iliyofuata nilikifungua. Kimya. Nyuma yake, pahali pa betri, palikuwa wazi.

"Bi Arvella aliitoa," aliniambia Mzee Duane, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa bila mimi kumsikia akija. "Kililia katikati ya bingo. Marehemu Orville alikuwa amebakiza namba moja tu. Akahesabu vibaya, akapiga kelele ya ushindi kabla ya wakati. Aliona aibu wiki nzima."

"Na mashine ikichukuliwa, nani atajua?"

"Aliyeichukua," alisema. "Wewe ndiye mjukuu wa Harlan aliyesoma? Karibu, Mheshimiwa Mkaguzi. Usisahau kukagua na maandazi. Nayo hupotea."

Nilimwendea Bi Arvella mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizopangwa bila unywele mmoja kuasi, na ufunguo wa ukumbi huning'inia shingoni mwake kwa utepe wa zambarau. Alikuwa akipanga viti.

"Bi Arvella, samahani. Jana jioni mashine ya kushtua moyo haikuwa kwenye kisanduku chake."

"Haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Basi itakuwa imeazimwa, mwanangu."

"Inaazimwa?"

"Kila kitu cha ukumbi huu kinaazimwa. Meza zinaazimwa, viti vinaazimwa, birika kubwa la kahawa ndilo kabisa halijui kwake ni wapi. Tungekuwa majirani gani tusipoazimana?"

Ni lazima nikueleze desturi hii, kwa sababu ndiyo iliyotuponza sote. Huku, mwenye wageni wa karata, au wa kushona mablanketi ya viraka, au wa kuombea wagonjwa, hupita ukumbini, akapakia anachokihitaji kwenye kigari chake cha gofu, akakirudisha kesho yake. Haandiki popote wala haombi. Kumuuliza jirani umepeleka wapi kitu fulani ni sawa na kumhesabia vijiko baada ya chakula. Basi kila aliyepita mbele ya kisanduku kitupu alijisemea kwamba leo mashine iko kwa fulani, akaendelea na safari yake kwa amani.

Mimi sikuwa na amani. Nilijiuliza ni nani hasa anayenufaika, na majibu yote yalinirudisha kwa Bi Arvella. Ndiye aliyenyamazisha king'ora. Ndiye mwenye ufunguo. Nilipopendekeza kwa Kamati kwamba mashine ihamishiwe nje, kwenye ukuta wa masanduku ya barua ambako kila mkazi hupita kila siku, ndiye aliyepinga, kwa hoja kwamba kanuni za mtaa haziruhusu kitu chochote chekundu kionekane kutoka barabarani. Alinionyesha rangi zinazokubalika. Zote ni rangi za vumbi. Akasema kwamba kama ni lazima kisanduku kiwe nje, basi kipakwe rangi ya ukuta.

"Kitu cha kuonekana, Bi Arvella, tukipake rangi ya kutoonekana?"

"Tutazoea kilipo," alinijibu.

Kisha Jumatano moja, alipokuwa akiingia kwa wenzake wa kushona, kitambaa kilichofunika kapu lake kiliteleza. Niliona pembe nyekundu. Alikirudisha haraka na kunitazama moja kwa moja, nami nikatazama pembeni kwa adabu. Moyoni nilisema: nimekupata.

Sitakuficha, Bibi, kwamba nilikuwa nikiandaa hotuba. Mkutano wa wakazi ulikuwa Jumatatu, na nilikusudia kusimama na kumuuliza mwenyekiti, mbele ya watu wote, kwa nini kifaa cha uhai wa watu mia kadhaa kinalala nyumbani kwake. Niliyasoma maneno yangu mbele ya kioo cha bafuni. Yalisikika vizuri mno.

Ninajilaumu kwa jambo moja tu la kitaalamu: mchunguzi hatakiwi kumwondoa mtu yeyote katika orodha ya washukiwa kwa sababu anampikia uji. Kwa maana ishara nyingine zilikuwepo, nami niliziona nikaziacha. Babu alikuwa akiondoka kila jioni kabla ya ukumbi kufungwa, akisema anakwenda kutazama mbao za matangazo, na akirudi kiti cha pili cha kigari chake huwa kimefunikwa blanketi. Nilidhani ni kwa ajili ya baridi ya miguu. Aidha, alinikataza kufagia chini ya kitanda chake.

"Vumbi lile ni langu," alisema. "Nimelikusanya kwa miaka. Liache."

Nilicheka, nikaliacha.

Sasa nakuja kwenye Jumapili ya tarehe 18. Mara moja kwa mwezi ukumbi hufunguliwa mapema, watu wakala chapati za maji kwa shira kabla ya kwenda kanisani. Mpishi ni Bwana Lowell Stroud, mume wa Bi Arvella, mtu mkimya ambaye nadhani hupika ili asilazimike kuzungumza. Babu alikuwa kwenye foleni mbele yangu na sahani yake. Duane alikuwa akimtania Lowell kwamba chapati zake zingefaa kurushwa kwenye nguzo uwanjani.

Lowell aliweka mwiko chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akaanguka kando ya jiko.

Nilimfikia upesi. Hakuwa akipumua ipasavyo, na shingoni sikuhisi mapigo. Nilimwambia mwanamke aliyekuwa karibu apige simu ya dharura, nikamwambia Duane apige magoti aanze kukandamiza kifua, naye akafanya hivyo bila utani wowote. Nikaita mtu alete mashine.

Bi Arvella ndiye aliyekimbia. Alikifungua kisanduku, akaingiza mkono. Namwona hadi sasa, Bibi. Aliendelea kupapasa ndani ya kile kisanduku kitupu, huku na huku, kama mtu anayetafuta miwani juu ya kabati, na alipogeuka kututazama uso wake ulikuwa umeniondolea shaka zote za majuma saba. Mtu anayejua ilipo hapapasi namna ile.

"Iko kwa nani?" aliuliza. "Jamani, leo iko kwa nani?"

Ukumbi mzima ulitazamana. Ndipo niliposikia sahani ikiwekwa mezani.

"Iko kwangu," alisema Babu.

Alitoka kwa mwendo ambao daktari wake amemkataza. Nilisikia kigari cha gofu kikilia barabarani, kisha kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko kitu chochote nilichowahi kungojea. Duane alikandamiza. Alipochoka akashika mwingine, kisha mwingine. Hakuna aliyelia. Bi Arvella alipiga magoti akashika kiatu cha mumewe, kwa sababu sehemu nyingine zote tulikuwa tumezichukua sisi.

Babu alirudi na kigari mpaka ndani ya milango, akaniwekea mashine mikononi. Nilibandika vile vibandiko viwili kifuani, na ile sauti ya mashine, tulivu kama ya mtangazaji wa hali ya hewa, ikatuamuru tusimguse mgonjwa. Ikamshtua. Ikatuamuru tuendelee kukandamiza. Tulikuwa tungali tukikandamiza Lowell aliposogeza mkono na kujaribu kumsukuma Duane.

"Tulia, Lowell," alisema Duane, jasho likimtiririka. "Nakulipizia zile chapati."

Gari la wagonjwa lilikuja. Yuko hospitali, anazungumza, yaani zaidi ya alivyokuwa akizungumza hapo awali, na madaktari wanasema atarudi nyumbani.

Walipomchukua, Bi Arvella hakupanda nao mara moja. Walimwambia gari jingine litampeleka. Alitoka nje akaketi kwenye benchi lililo mbele ya mlango wa kioo, na Babu alikuwa ameketi hapo tayari, mikono juu ya magoti. Nilisimama nyuma yao. Hawakunitazama.

"Ulikuwa unaiweka wapi, Harlan?"

"Chini ya kitanda."

"Tangu lini?"

"Tangu Orville."

Bi Arvella aliushika ufunguo wake ule wa utepe wa zambarau.

"Ufunguo nilikuwa nao mimi," alisema.

"Ndiyo. Na mimi nilikuwa na kiatu cha farasi mkononi." Babu alikitazama kioo. "Chuma kizima, Arvella. Nimesimama pale, mashine naiona, kioo hiki hapa, na chuma ninacho. Nikakungoja wewe uje na ufunguo. Kwa sababu kioo ni mali ya ukumbi."

Kisha gari likafika kumchukua Bi Arvella.

Nimeandika maneno yao kama nilivyoyasikia, Bibi, kwa sababu naamini ulistahili kuyapata bila kupunguzwa. Ndiyo sababu Babu alikuwa akiichukua mashine kila jioni kabla ya mlango kufungwa na kuirudisha kila asubuhi ulipofunguliwa. Jumapili ile ukumbi ulifunguliwa mapema, naye alitamani chapati kwanza. Alikuwa ameapa, kwa namna yake, kwamba mashine ile haitalala tena nyuma ya kioo.

Usiku uliofuata tulipokuwa tukiosha vyombo nilijaribu kumweleza, kwa upole, kasoro iliyomo katika mpango wake.

"Babu, kama mtu angeanguka usiku, angejuaje kwamba mashine iko kwako?"

"Angegonga mlango."

"Kwa nini agonge mlango wako? Hukumwambia mtu."

"Ningemwambia nani? Arvella? Angeipaka rangi ya vumbi."

"Na kama ungeanguka wewe? Mashine iko chini ya kitanda, wewe uko sakafuni, na nyumba haina mtu. Nani angekubandikia?"

Alikausha sahani ile ile kwa muda mrefu sana. Kisha akasema kwamba shira ikikauka haitoki, akaomba sabuni.

Mkutano wa Jumatatu ulifanyika. Hotuba yangu niliichana. Babu alisimama mwenyewe akakiri mbele ya watu, na nilitarajia wamzomee. Badala yake mama mmoja wa karata za Alhamisi alinyanyua mkono na kusema kwamba, kwa kuwa tunaambiana ukweli, yeye pia huichukua anapokuwa na wageni, maana mezani kwake wako watatu wenye betri za moyo zilizopandikizwa kifuani. Mwingine akasema huichukua siku za maombi. Bi Arvella, aliyekuwa ametoka hospitalini moja kwa moja, akasema kwamba siku za Jumatano husafiri ndani ya kapu lake la kushonea. Duane akauliza kama kuna mtu yeyote ukumbini ambaye hajawahi kulala na mashine ile, asimame tumpe pole.

Kwa hiyo, Bibi, sikukosea kuhusu lile kapu. Nilikosea tu kudhani kwamba mkosaji ni mmoja.

Wamekubaliana kwamba kisanduku kihamie nje, kwenye ukuta wa masanduku ya barua, bila kufuli, na king'ora kirudishiwe betri yake. Bi Arvella aliomba jambo moja tu, kwamba wekundu wake uwe wa kistaarabu. Fundi alikipachika jana, na ni chekundu kama nyanya. Mwenyekiti alikitazama akasema, "Mimi nakiona vizuri," akaenda zake. Kinaonekana kutoka dirisha la jiko la Babu. Wakazi wa mtaa wetu wameniomba niwafundishe namna ya kuitumia mashine, na tunakutana sebuleni kwetu, Babu akiwa ndiye anayelazwa sakafuni kuigiza mgonjwa. Anaigiza vibaya. Anatoa maelekezo.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyekiombea ruhusa. Asubuhi ya leo nimeona kiatu cha farasi kimening'inizwa kwa msumari kando ya mlango wa kioo wa ukumbi, kwa kimo ambacho mkono wa mzee unafikia. Kanuni zinakataza kuning'iniza chochote ukutani. Bi Arvella alikuwa amesimama akikitazama nilipopita. Alikinyoosha kidogo, maana kilikuwa kimepinda, akaendelea kufungua mlango.

Sasa jibu langu, kama ulivyoliomba. Uliuliza kama kaka yako yuko salama hapa. Mashine ipo, na sasa iko mahali ambapo kila mtu anapajua. Majirani wapo, na kuanzia sasa naamini watavunja kioo. Ukimchukua ukampeleka Oregon utamwondoa kwenye uwanja wa Orville na kwenye meza ya Duane, na sioni atakachokishika huko mikononi. Kwa maoni yangu asihamishwe.

Lakini swali nililomuuliza wakati wa kuosha vyombo bado liko pale pale. Ruhusa yangu inakwisha pamoja na mwezi Machi, nami nimeitwa kwenye usaili wa kazi Phoenix. Nikiondoka, Babu atakuwa na mashine mbele ya dirisha na hakuna mtu ndani ya nyumba wa kuifuata. Anahitaji mtu, na kanuni za hapa zinataka mtu huyo awe na zaidi ya miaka hamsini na mitano. Nisamehe kwa kutaja umri wako katika barua. Natumaini ni mara ya kwanza umri huo unafaa kwa jambo zuri. Biskuti anaruhusiwa. Nimeuliza.

Babu hajui kwamba nakuandikia. Au niseme, nilidhani hajui. Jana nilimkuta akitoa fimbo zake za kuvulia samaki kutoka chumba cha pili, chumba ambacho mama amemsihi akifungue kwa miaka, na akavipanga vifaa vile vyote gereji. Nilimuuliza ni kwa ajili ya nani. Akasema chumba kinahitaji hewa. Leo kwenye kapu lake la sokoni nimekuta kopo la jamu ya beri nyeusi, ile inayotoka huko kwenu, ambayo yeye mwenyewe husema ina mbegu nyingi kuliko matunda. Na hapo chini yake, Bibi, kulikuwa na kuku mzima, hajakatwakatwa, wa kuchemsha. Nina shaka kubwa kwamba kuna mtu amekuwa akisikiliza simu zangu, na kwamba anajua kuhusu paka wako zaidi ya anavyokubali.

Hatakuomba uje. Unamjua kuliko mimi. Kwa hiyo ninakuomba mimi.

Nisalimie Shangazi Ingrid na watoto wake, na umfikishie Mzee Alden wa maktaba shukrani zangu kwa vile vitabu. Mama anakusalimu. Duane, ambaye hujawahi kumwona, anakusalimu pia, na anauliza kama unacheza karata. Mungu akupe goti la safari na akulinde barabarani.

Ni mimi, mjukuu wako akupendaye, ninayekutandikia kitanda,

Tamsin Brandvold